Maiki ya Torun

Desemba, mjini Umeå, kaskazini ya mbali, saa nane mchana jua huwa limeshaaga. Ylva alijifunga skafu, akampitia rafiki yake Torun, wakashuka pamoja mjini kununua maikrofoni.

Usicheke. Kwako ni kidude tu cha kuongelea, kwa Ylva kilikuwa kamba ya mwisho. Mama yake, bibi Gunborg, aliishi mbali, Arjeplog, katika nyumba ya kutunzia wazee. Macho yalikuwa yamezima. Kumbukumbu nayo ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo: alisahau sura, alisahau kwamba mumewe amekufa. Alichobaki nacho ni sauti ya bintiye. Kila jioni Ylva alimpigia simu ya video, na muuguzi alimwekea bibi kishikwambi mapajani. Ila wiki ile bibi alianza kusitasita.

"Unasikika kama umo kwenye ndoo," alisema. "Wewe ni nani, kwani?"

Swali hilo lilimchoma Ylva kuliko kisu.

Dukani walimkuta Rune, mzee mwenye maneno kama kasuku.

"Unataka ya nini, dada? Ya simu au ya kurekodi?"

"Yote mawili. Naongea na mama kila siku, halafu nataka nimrekodie hadithi, asikilize nisipokuwepo."

"Basi chukua hii. Hii haina umbea. Inasikia mdomo ulio mbele yake, basi. Ile pale inasikia chumba kizima. Jirani akijikuna, mama yako atajua!"

Ylva alicheka, mkono ukiwa tayari kwenye pochi. Torun akamshika kiwiko.

"Usinunue, shoga," alinong'ona. "Ninayo yangu ya zamani. Inasikia kila kitu. Mama atadhani umekaa kitandani kwake."

Torun alinong'ona kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Miaka mingi yeye na Ylva walikuwa wakisoma vitabu kwa kurekodiwa, kila mmoja chumbani kwake, mpaka ugonjwa wa koo ulipompata Torun. Madaktari wakampasua. Alipona, lakini sauti haikurudi.

Rune aliinua mabega. "Inayosikia kila kitu inabeba kila kitu. Msije mkanilaumu."

Heri angemsikiliza! Lakini nani atamwacha rafiki wa utotoni amfuate muuza duka? Torun alikua bila mama. Alikula mezani kwa bibi Gunborg, alivaa soksi alizofuma bibi Gunborg. Ylva hakuwa na sababu hata moja ya kumshuku.

Kwa Torun hawakukaa. Maiki ilikuwa mezani tayari, kana kwamba ilikuwa ikiwasubiri. Ilikuwa nzito, na kichwani ilivishwa kofia ya sufu iliyofumwa kwa mkono, ya rangi nyingi zisizopatana.

"Kofia usiivue," Torun alinong'ona. "Inazuia pumzi."

Ylva aliinama mlangoni kuvaa viatu vya theluji. Torun akasimama nyuma yake.

"Nami nitapata kidogo, eti?"

Sasa, watu wa kule kaskazini hawana shida ya kusema ndiyo. Wanabana midomo, wanavuta pumzi ndani kwa haraka... *fyup*... na neno limekubaliwa. Wanavuta hivyo kwenye simu, kwenye foleni, mbele ya mchungaji. Mara nyingi hata hawajasikia walichoulizwa. Ni adabu tu.

*Fyup*, alivuta Ylva, akihangaika na kamba za kiatu.

"Sauti ya kumwita mama?"

*Fyup*.

"Na mama mwenyewe?"

Kamba ilikuwa imekaza. Ylva alivuta pumzi mara ya tatu, akasimama, akamkumbatia rafiki yake na kumshukuru. Torun alikuwa akitetemeka, na Ylva alidhani ni baridi ya mlangoni.

Jioni ile bibi Gunborg alipiga makofi kama mtoto. "Ylva! Mwanangu! Uko humu chumbani?" Akapapasa blanketi akimtafuta. Ylva alilia kwa furaha. Baada ya simu alimrekodia hadithi, na kesho yake nyingine, na nyingine tena.

Koo likaanza kukauka.

Alikunywa chai ya asali. Alijifunga kitambaa. Kila alipomaliza kurekodi alijiona mwepesi, kama mtu aliyetolewa damu. Na chumbani kulikuwa na harufu... sufu mbichi... maziwa yaliyochacha. Aliosha friji yote. Harufu haikutoka.

Alasiri moja, dirisha likiwa limeshaingiwa na weusi, alikaa kurekodi. Wasomaji wa vitabu wana desturi yao: kabla ya neno la kwanza hurekodi kimya cha chumba, ili baadaye wazibie nacho mapengo. Ylva alikaa kimya. Hakumeza hata mate. Kisha akavaa hedifoni asikilize kile kimya.

Hakikuwa kimya.

*Nyu... nyu... nyu...*

Taratibu. Kwa utamu. Kama ndama kwenye chuchu.

Akavua hedifoni. Chumba kimya. Akavaa tena.

*Nyu... nyu...*

Sauti ilikuwa karibu sana. Ilitoka pale pale mbele ya mdomo wake.

Aligusa ile kofia ya sufu. Ilikuwa imelowa, na ilikuwa vuguvugu.

Akachukua mkasi, akaichana. Chini ya kofia palikuwa na donge la nyuzi za kila rangi, limezungushiwa nywele. Nyingine zilikuwa za mvi, za Torun. Nyingine nyekundu, ndefu... zake mwenyewe. Katikati palichomekwa kipande cha ukucha. Donge lilivimba, likanywea, likavimba.

Hapo akakumbuka yale waliyosimuliwa na bibi Gunborg utotoni, wote wawili wakiwa chini ya blanketi moja: wachawi wa zamani waliokuwa wakisokota donge la nyuzi na nywele, wakalidondoshea damu, wakalituma zizini kwa jirani usiku likanyonye ng'ombe wake. Asubuhi jirani hukamua hewa, na mchawi ana siagi tele. Ylva alijificha uso kwa hofu siku ile. Torun ndiye aliyeuliza linavyosokotwa.

Ylva alipiga kelele.

Kelele haikutoka. Kilichotoka ni mkwaruzo, kama karatasi ikiburutwa sakafuni.

Akatoka bila koti. Kwa Torun si mbali, lakini theluji ilikuwa magotini na machozi yalimgandia mashavuni. Alikuwa na hasira kuliko woga. Fadhila za punda ni mateke, aliwaza, na tumekulisha nyumbani kwetu!

Mlangoni alisimama ghafla.

Ndani alisikia mtu akicheka. Kicheko chake mwenyewe.

"...basi mama, nikamwambia Rune sitaki maiki yako, ninayo yangu!"

"Mwanangu wewe!" Sauti ya bibi Gunborg ilitoka kwenye kompyuta, imejaa raha. "Leo unasikika vizuri mno."

Mlango haukufungwa. Ylva akaingia. Torun alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, uso umenawiri, midomo imelowa. Hakushtuka. Alifunika kipokea sauti kwa kiganja.

"Nilikuuliza," alisema kwa sauti ya Ylva, ile ile, mpaka kile kikohozi chake kidogo. "Nilikuuliza mara tatu, ukakubali."

"Wewe ni ndugu yangu," Ylva alikwaruza. "Torun... kwa nini?"

"Ndugu?" Macho ya Torun yalijaa machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. "Wewe ulilala naye. Mimi nilipewa chakula nikaambiwa niwahi kwetu, na kwetu hapakuwa na mtu. Wewe ulikuwa naye maisha yako yote, Ylva. Mimi naomba haya machache aliyobakiza."

Ylva alimsukuma, akaanguka magotini mbele ya kompyuta. Uso wa mama yake ulikuwa pale kwenye kioo, macho meupe, shingo imeinama upande, akisikiliza.

"Mama," alinong'ona. "Mama, ni mimi. Ni Ylva."

Bibi Gunborg alikunja uso.

"Nani huyo anayekwaruza hapo?"

"Ni Torun, mama," Torun alijibu polepole, kwa upendo mwingi. "Amekuja kututembelea."

"Mama... nisikilize... ni mimi mwanao..."

"Maskini mtoto wa watu," alisema bibi Gunborg, akitikisa kichwa kwa huruma. "Bado ana ule wazimu wake wa kuniita mama. Mpe chochote ale, Ylva, halafu mwambie aende kwao."