Rangi ya Tsongo

Siku ya soko la Mpondwe, pale Bwera, hupiti bila kusukumwa. Ijumaa hiyo Ithungu alikuwa ametoka Kasese na gauni la njano na raba nyeupe, ambazo kufikia saa nne zilikuwa za udongo. Alipita kibanda hadi kibanda na simu mkononi na kadi yenye viraka vya rangi. Alipofika kwa Tsongo, muuza vitenge mrefu, mweusi wa kumeremeta, mwenye shati la zambarau lililopigwa pasi kama la bwana harusi, alimsalimia kidogo tu, akamwekea kadi shavuni.

"Dada, tosha ile kitu," Tsongo akasema, akiisukuma kadi. "Miye sinunue mafuta ya kujichubua. Rangi yangu iko muzuri."

"Siuzi mafuta. Napiga video."

"Bote banasema vile, kisha banatosha kopo kwa mufuko."

Ithungu akaumwaga mfuko wake juu ya vitenge: kalamu, chaja, nusu sambusa. Tsongo akacheka, akalitoa shavu.

"Kuna chombo cha kulinganisha rangi za video," Ithungu akamweleza huku akirekodi. "Moja imepigwa kivulini, ingine juani, kinazifanya zifanane, na kadi hii ndiyo kipimo. Mimi naandika maelezo ya kukitumia."

"Nani atasoma?"

"Si watu. Ni programu za akili bandia, zinajifanyia kazi zenyewe. Hazijui kukisia. Usipoziambia, zinakosea kwa bidii."

"Kama shemeji yangu Maate."

Kumbe Tsongo alikuwa na jicho ambalo kamera ililionea wivu. Vitambaa viwili vya buluu ileile kwake havikuwa ndugu. Ithungu akaanza kumpigia simu kwa ajili ya kazi, kisha kwa visingizio vya kazi.

"Mpenzi, hizi nyekundu mbili zinafanana?"

"Ya kushoto imekunywa maji kidogo. Andika hivyo. Andika pia kama muuza vitenge hajala tangu asubuhi juu yako."

"Uongo. Nasikia unatafuna."

Miezi mitatu ikapita hivyo. Tsongo akamwomba waende kwao Kyondo Jumapili, mama yake amwone. Ithungu akashona nguo mpya.

Jumatano ya wiki hiyo alijaribu maelezo yake. Aliipa programu video ya Tsongo, na ya kufananishia akaipa ya binamu yake Shakira siku ya harusi, aliyepakwa poda hadi masikioni. Hakuwa ameandika popote kwamba uso wa mtu usiguswe. Programu ikatii: vitenge vikapauka, na Tsongo akatoka na rangi ya unga wa muhogo. Ithungu alicheka hadi akashika meza. Akamtumia Tsongo picha ile, bila neno hata moja, ili naye acheke.

Tsongo hakucheka. Alikaa juu ya robota la vitenge, akaitazama muda mrefu. Kisha akaandika: "Jumapili usikuje. Tafuta mutu wa ile rangi."

Ithungu akapiga simu mara kumi na moja. Haikupokelewa.

Ijumaa alikuwa Bwera kabla soko halijajaa. Tsongo alimwona, akazidi kumpimia kitenge mteja wake, mama mmoja aitwaye Robinah, kana kwamba yadi sita zimekuwa sitini.

"Ile programu ilikosea kwa sababu mimi nilikosea," Ithungu akasema. "Sikuiambia. Sasa nimeandika. Sikiliza." Akasoma kwenye simu: "Kabla ya kulinganisha, angalia kama kuna mtu. Rangi ya ngozi yake si kosa la kurekebisha. Ukishindwa kuiacha ilivyo, simama, usiendelee."

Robinah akaacha kunyoosha kitambaa. "Huyu anakuomba musamaha ao anakuhubiria?"

"Miye pia sijue," Tsongo akajibu, lakini mkono ulikuwa umesimama. Akamgeukia Ithungu. "Mashini unaiambia yote, mupaka wapi kusimama. Miye unanitumia picha tu. Nilijua sasa nimekuchosha."

"Ningekuambia nini?"

"Kama unanitaka."

"Nakutaka. Nataka unioe, Tsongo, na nataka Jumapili yangu."

Robinah akaomba apunguziwe bei kwa kuwa shahidi.

Tsongo akafunga kibanda, saa tano ya siku ya soko, jambo ambalo majirani walilitazama kama ajali. Akampigia mama yake. "Mama, tunakuja leo."

"Leo sijapika," mama akasema kwa Lhukonzo, lugha ya kwao. "Huyo mutoto anajua kusonga ugali?"

Tsongo akaziba simu kwa kiganja. "Unajua kusonga?"

"Ugali wangu unatoka na madonge," Ithungu akanong'ona.

"Anajua sana, Mama."

"Nimemusikia," mama akasema. "Muambie akuje hivyo hivyo."