Sukari ya Msimamizi

Msimamizi wa karakana ya ushonaji alianguka asubuhi kando ya meza ya kukatia vitambaa, chai ikamwagikia kifuani. Alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Jikoni, mpelelezi alikuta kopo jeupe lililoandikwa kwa herufi kubwa: SUMU YA PANYA. Kijiko cha chai kilikuwa bado ndani yake.

Mpika chai hakukana. Alisema alipitiwa tu, hakuangalia. Nani angemwamini? Jana yake msimamizi alikuwa amemgombeza mbele ya watu, na msimamizi ndiye peke yake pale aliyekunywa chai ya sukari. Wifi wa mpika chai, mkata vitambaa aliyemtafutia kazi hiyo, alimwapia mpelelezi kwamba mama huyo si mjinga. Husoma hata gazeti.

Mpelelezi hakutulia. Muuaji gani huacha kijiko ndani ya kopo la sumu? Alikaa, akainuka, akazunguka chumba, akakaa tena. Mwishowe aliandika maelezo, akamsogezea mpika chai karatasi.

"Soma. Kama ni sawa, tia sahihi."

Mpika chai aliipitishia macho, akaitikia kwa kichwa, akashika kalamu. Mpelelezi akamzuia mkono.

"Hapo nimeandika kwamba ulimuua kwa makusudi."

Kalamu ikamponyoka. Alilia kimya, kisha akaeleza. Siri yake aliijua mtu mmoja tu, wifi yake, aliyekuwa akimsomea ujumbe wa simu. Ndiye aliyemwambia kwamba sukari imehamishiwa kopo jeupe. Angesema hayo mapema, angeulizwa mbona hakusoma, na kwake hilo lilikuwa sawa na kujivua nguo hadharani.

Wifi akaletwa. Akashikilia kwamba hajui habari za kopo.

"Ujumbe wa huyu unamsomea wewe," mpelelezi akasema, "halafu unaniapia kwamba anasoma gazeti. Uongo huo ulikuwa wa nini?"

Wifi alitazama mlango, kisha dirisha, kisha sakafu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alikiri kwamba msimamizi alimfumania akitorosha majora ya vitambaa, akamwambia kwamba jioni ya siku ile aliyokufa angemfikisha kwa mwenye karakana.

"Nilijua hutasema," akamwambia mpika chai, bila kumtazama. "Ungekubali jela kuliko watu wajue."

Alipoondolewa, mpelelezi aliandika maelezo upya, akayasoma neno kwa neno. Mpika chai hakuigusa kalamu.

"Hata yeye alikuwa akinisomea hivi hivi," alisema. "Nitajuaje?"

Mpelelezi aliinuka. Akatoka barabarani, akarudi na fundi saa asiyemjua yeyote kati yao, akamkabidhi karatasi asome kwa sauti.

Mpika chai alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba arudie.