Kumuuliza Mtu si Kumtukana

Kila siku, kabla jua halijapata nguvu, Nyirahabimana, mpokea mizigo, alikuwa ameshafungua lango la depo. Depo hiyo iko Kamembe, kwenye barabara inayoteremka kwenda mpaka wa Rusizi ya Pili, penye daraja la mto. Akina mama wachuuzi wa pande zote mbili za mto huweka mizigo yao hapo: vitenge, mchele, sabuni, unga. Anayeweka mzigo hupewa jetoni, kibati kidogo chenye nambari. Akirudi na jetoni yake, anapewa mzigo.

Ndivyo ilivyoandikwa ukutani. Langoni mambo yalikwenda kwa salamu. Mtu alikuja bila jetoni, akasema ametumwa na shangazi, akauliza hali ya watoto, na mzigo ukatoka. Nyirahabimana alilelewa Bukavu, ng'ambo ya mto, kabla ya familia yake kurudi Rwanda. Huko alijifunza kwamba anayekuita kwa jina la mtoto wako ni mtu wa nyumbani. Kumwambia "weye ni nani?" ni kumtukana.

Jumanne moja akaja mwanamume aliyevaa jile, kizibao cha rangi ya chungwa, sare ya depo.

"Jambo, Maman Joselyne," alisema. "Joselyne alipona malaria?"

Joselyne alikuwa ameugua kweli. Moyo wa mama ukafunguka. Mwanamume akasema patroni amemtuma achukue vitenge vya Maman Cirhuza wa Bukavu, mama anangoja mpakani. Nyirahabimana mwenyewe akamsaidia kubeba marobota saba mpaka kwenye gari.

Saa nane mchana Maman Cirhuza akafika, jetoni yake mkononi.

Munyemana, mwenye depo, hakuuliza mengi. Alisema Nyirahabimana atafanya kazi mpaka mwisho wa mwezi, kisha aende. Halafu akatuma mtu anunue kufuli kubwa zaidi.

Tusisahau. Miaka sita nyuma zilipotea katoni za sabuni. Akafukuzwa Védaste, mlinzi, baba wa watoto watano kule Rwimbogo, na kufuli likanunuliwa. Miaka mitatu nyuma ulipotea unga. Akafukuzwa Uwimbabazi, mfagiaji, na kufuli la pili likanunuliwa. Sasa ilikuwa zamu ya Nyirahabimana, na kufuli la tatu. Wezi wenyewe waliingia mchana, lango likiwa wazi. Na katika miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kukaa na wafanyakazi hao hata nusu saa akawafundisha la kufanya.

Jioni Nyirahabimana alikwenda kwa jirani yake Nasiba. Mama huyo alifanya kazi miaka kumi na miwili katika ofisi ya usafirishaji pale mpakani, na huko ndiye aliyewafundisha usalama wafanyakazi wapya. Nyirahabimana hakumficha kitu. Akamwambia pia kwamba bila kazi hii Joselyne ataacha shule, naye amebakiza mwaka mmoja tu.

Nasiba alisikiliza. "Ile jile aliipata wapi?"

"Tukifua tunazianika ku ukuta wa inje."

"Na jina ya Joselyne?"

"Tunaitana kwa sauti siku nzima. Hata mwenye kupita mu barabara anajua."

"Basi ule mwizi hakuvunja kitu. Mulimupa yote ninyi wenyewe."

Nyirahabimana alitaka kukasirika. Akaona ni kweli. Kesho yake wakaenda wote wawili kwa Munyemana.

Munyemana alisema mlinzi anaye na kufuli analo. Nasiba akamkatiza kwa upole. "Papa, weye umefukuza batu batatu. Mwizi hata mumoja hujafukuza."

Munyemana aligeuka kutazama ghala. Asubuhi hiyo tu wachuuzi kumi na mmoja walikuwa wamehamisha mizigo yao. Akampa Nasiba wiki mbili awafundishe wafanyakazi, nusu saa kila asubuhi. Nasiba akataka na patroni akae nao. Munyemana akasema yeye si mfanyakazi.

"Nani anabeba funguo zote za hapa?"

"Mimi."

"Basi weye njo wa kwanza kukaa."

Siku ya kwanza Hakimu, mpagazi, aliwachekesha wenzake. Alisema yeye ana mgongo, hana bunduki, usalama ni shauri la mlinzi. Mukeshimana, karani, akanong'ona kwamba wezi ni wale wa ng'ambo ya daraja. Nyirahabimana akauma meno. Nasiba akajibu kwamba mwizi alivaa jile ya Kamembe, iliyotoka kwenye ukuta wa Kamembe. Je, hiyo jile ilivuka mto gani?

Kesho yake akawajaribu. Alimvalisha jile wifi yake Joséphine, ambaye hawakumjua, akamtuma ndani peke yake. Joséphine akapita langoni, akapita ghalani, akaingia ofisini, akatoka na kofia ya patroni. Watu saba walimwona. Wote walimsalimia. Hakimu alimpa hata kiti.

Wakacheka sana. Nasiba akauliza kwa nini hakuna aliyemsimamisha.

"Tulisikia haya," alisema Nyirahabimana.

"Haya ile njo mulango mwizi anapitia," alisema Nasiba. "Museme hivi: Karibu. Nani alikutuma? Ikala kidogo pa kiti, nimupigie simu. Muulize mukubwa, muulize mudogo. Ukiuliza batu bote, hakuna mwenye unatukana."

Wakajizoeza maneno hayo mpaka yakatoka bila kukwama. Majile yakapewa nambari, yakaanikwa ndani. Habari za watoto zikaachwa nyumbani. Mzigo hautoki bila jetoni. Jetoni ikipotea, mwenye mzigo anapigiwa kwa nambari aliyoandikisha mwenyewe kwenye kaye, daftari la depo, siku alipouweka. Nambari inayoletwa na mgeni haipigwi, wala simu inayoingia haiaminiwi kwa sauti tu.

Fundisho la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Anayekosea aseme hapo hapo, na kwa kusema asiadhibiwe. Munyemana alikataa. Alisema watazoea kukosea.

"Sasa hivi banazoea kuficha," alisema Nasiba. "Na mwizi anapenda ile."

Munyemana akakubali, uso umekunjana.

Siku ya kumi na moja, saa tatu asubuhi, kamioneti nyeupe ilisimama langoni. Mtu aliyekaa kando ya dereva alisema wamefuata magunia ishirini ya mchele ya Uwamwezi, mchuuzi wa kisiwani Nkombo. Jetoni imepotea, alisema. Kabla Nyirahabimana hajajibu, Munyemana akatoka ofisini, simu sikioni.

"Bapakize," alisema. "Uwamwezi mwenyewe ananipigia. Ananiita Papa Izabayo, ananijua."

Izabayo ni mtoto wake wa kwanza.

Nyirahabimana alikuwa ameshika lango. Akikataa, patroni anaweza kumfukuza leo. Akikubali na mchele ukapotea, atafukuzwa kesho. Hakuachia lango.

"Papa, ile nambari ni ya mu kaye?"

"Nimesema bapakize. Depo ni yangu."

"Ni yako. Muchele ni ya Uwamwezi."

Hakimu akatua gunia, akaja kusimama kando yake. Mukeshimana akaleta kaye bila kuitwa. Nyirahabimana akapiga. Uwamwezi akapokea, injini ya mtumbwi ikivuma nyuma ya sauti yake. Alikuwa bado ziwani. Jetoni ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kitenge chake. Hakumtuma mtu.

Yule wa kando ya dereva alisikia. Akashuka, akaenda zake kwa hatua ndefu. Hakimu alitaka kumkimbiza, Nyirahabimana akamzuia: huenda ana kisu, na wote wameuona uso wake. Wakaandika nambari ya gari, wakaita polisi. Dereva alikuwa amekodiwa tu pale paking. Akawapa polisi nambari ya simu ya aliyemkodi.

Munyemana alikata simu, akaitia mfukoni. Kisha akawaita wote.

"Njo mimi nilikosea," alisema. "Nilisikia jina ya mutoto wangu, nikaamini."

Hakuna aliyecheka. Nyirahabimana akauliza mbele yao wote, "Na mwisho ya mwezi, mimi naenda?"

"Huendi."

"Uandike, Papa."

Munyemana akaandika, akatia sahihi. Mukeshimana akapiga muhuri.

Habari ilifika sokoni kabla ya saa sita. Wachuuzi waliohama wakaanza kurudi, mmoja mmoja, Maman Cirhuza akiwa wa mwisho. Mwezi uliofuata depo nyingine ya barabara hiyo ikaomba kuwaleta wafanyakazi wake wawili wafundishwe. Nasiba akasema mwalimu atakuwa Nyirahabimana.

Wakaja asubuhi, wamechana nywele vizuri, madaftari kwapani. Wakamwambia wao ndio wanafunzi.

"Karibuni," alisema Nyirahabimana. "Nani aliwatuma? Muikale kidogo, nimupigie."

Wakacheka, wakidhani anawatania. Yeye alikuwa ameshaweka simu sikioni, na lango lilikuwa bado limefungwa.