Nilimsaidia Bakule Wangu Kuning'olea Kioo

Nina umri wa miaka thelathini na minne na ninaishi karibu na Sosiot, kwa mama yangu. Ndiyo, kwa mama! Chekeni mmalize. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipopelekwa shule ya bweni nililia nikimkumbuka ng'ombe wetu, na nilipomaliza kidato cha nne nilirudi mbio kwenye majani chai yetu. Sijatoka tena.

Lakini hata mtu wa nyumbani ana moyo... Wangu ulimpenda Chebet, mwalimu wa nasari kutoka upande wa Bomet. Akanikubali! Wazee wakapanga koito, ile siku watu wetu wanakwenda kwa kina msichana kuzungumza mahari. Hatimaye nilikuwa na safari.

Gari nilikuwa nalo. Miaka hii ya tisini magari yaliyotumika Japani yamejaa kila mahali, na bonasi ya majani chai ilinipatia moja dogo, jeupe. Ila lilikuwa linavuja! Kutu ilikuwa imekula bati chini ya kioo cha mbele, na mvua ya Kericho mnaijua. Kila alasiri niliendesha magoti yameloa kama mtoto aliyejikojolea. Ningempeleka mama koito namna hiyo?

Nikamwendea Kirui. Kirui ni fundi wa magari kule Kapsoit, lakini zaidi ya hayo ni bakule wangu. Tulitahiriwa pamoja, tukakaa jandoni kibanda kimoja. Kwetu, bakule humfungii mlango. Hata kumshuku ni aibu. Yeye pia alikuwa na gari kama langu, ungedhani ni mapacha, ila kioo chake cha mbele kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe. Niliuona ule ufa kwa macho yangu haya... nikampa pole!

Kirui akasema lazima kioo kitoke ndiyo ile kutu ikwanguliwe. Zamani vioo vilishikwa na mpira tu, alinieleza, lakini hivi vya siku hizi vimegandishwa kwa gundi nyeusi, na ukiwa na haraka vinapasuka.

Akaja nyumbani kwetu na vifaa vyake, tukangoja jua la saa sita lilainishe gundi. Akafungua waipa, akabandua ukingo wa pembeni, akatoboa gundi kwa msumari mrefu na kupitisha waya wa gitaa, ule mnene. Mimi nikaingia ndani, yeye akabaki nje, kila mmoja ameshika ncha yake iliyofungwa kwenye kijiti. Anavuta, navuta... kama watu wawili wanaopasua mbao kwa msumeno. Mara kwa mara alimwaga maji ya sabuni ili waya uteleze.

"Bakule, pole pole!" Kirui akanipigia kelele. "Unakata gundi ama unachinja kuku?"

"Mikono inauma."

"Mikono ya mtu wa kulala! Hapo kwa pembe usivute na nguvu, ndipo huwa kinapasukia. Na kikilegea tuinue pamoja, si upande mmoja."

Mama alikuwa mlangoni pa jikoni akitucheka. Ni yeye aliyewahi kusugua mavi ya ndege kwenye kioo hicho kwa chuma cha kusugulia sufuria. Akaacha mikwaruzo upande wa dereva, duara juu ya duara, kama sehemu ya chini ya sufuria ya ugali. Sikumkasirikia. Mama alitaka kunisaidia.

Kioo kikatoka kizima! Nilishangilia kama mtu aliyefunga bao. Kirui akasema hapa kwetu kuku na mbuzi watakivunja, afadhali kikae gereji kwake mpaka rangi ya pale penye kutu ikauke. Mimi mwenyewe nilikivika blanketi, nikakisimamisha ndani ya gari lake, nikamwambia aendeshe pole pole. Blanketi langu la kulalia, wenzangu!

Baada ya siku chache alikuja kwa baiskeli, eti gari lake lina shida ya gia. Alikuwa amebeba gunia, kichwa ameinamisha. Kioo kimeanguka... Akafungua gunia nikaona vipande vidogo vidogo kama punje za mahindi. Mnajua nilifanya nini? Nilimliwaza! Nilimchinjia kuku!

Siku ya koito ikafika kabla sijapata kioo kingine. Niliendesha hivyo hivyo, upepo na mvua usoni, wazee wawili na mama wamejifunika nailoni moja. Tulipofika Bomet nilikuwa na matope masikioni na wadudu kwenye meno. Chebet alinitazama kama kitu kilichotapikwa na paka.

Kirui alikuwa ametutangulia. Gari lake lilisimama uani likiwa safi, na kioo kizima mbele. Mama akapita karibu nalo, akapangusa uso kwa leso, akainama kuangalia.

"We kijana," akaninong'oneza, "hii si kazi yangu?"

Duara juu ya duara... Sufuria ya ugali!

Ndipo akili ya kidato cha nne ikaamka, imechelewa kama mwenyewe. Kioo cha mbele kikivunjika hushikana na ile nailoni iliyo katikati yake, hakimwagiki kama mahindi! Zile punje zilikuwa za dirisha la mlango. Aliziokota jaani akaniletea nizililie!

Mtaniuliza, mbona hukumshika shati? Ngojeni. Ndani ya nyumba Kirui alikuwa ameshakalishwa katikati ya wazee. Wakwe wale walitaka kujua tabia yangu, na nani anaijua kushinda bakule? Yeye ndiye alikuwa shahidi wangu! Nikimwita mwizi, basi anayenisifu ni mwizi, na sisi watu wa Sosiot tumekuja kwa watu kupigana. Koito ingekufa pale pale, na Chebet ningemsahau.

"Huyu namjua," Kirui akasema, mkono kifuani. "Hana roho ya unyimivu. Kitu chake ni changu, na changu ni chake."

Wazee wakaitikia. Mama akakohoa mpaka akaletewa maji.

Kisha baba mkwe akaleta kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Akasema bakule wawili wanywe kibuyu kimoja, wabariki nyumba. Kirui akatangulia. Akanywa kwa kelele, maziwa yakabaki kwenye masharubu, na tone moja, nililiona kwa macho yangu, likarudi ndani... Akanipa kibuyu akinitazama usoni. Alijua nimejua! Akatabasamu!

Nikanywa.

Nilimmeza na masharubu yake. Wazee wakapiga makofi, na Chebet akawa wangu. Usiku wa kwanza nilipomsimulia alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akaninawisha mdomo kwa maji ya moto kama mtoto wa nasari.

Kirui bado anapita barabara yetu akipiga honi, mvua haimgusi. Nami, Mkipsigis mzima, nikinusa mursik nakimbilia nje!

Wasomaji wenzangu, kioo cha gundi kinatoka bila kuvunjika, nimeshuhudia. Ngoja jua, vuta waya pole pole, heshimu pembe. Lakini kikishatoka kilaze kitandani kwako, wewe ulale sakafuni. Na kama bakule wako ana gari kama lako lenye kioo chenye ufa, nakuomba, usimpe pole. Funga mlango!