Meza Yenye Presha Nzuri

Nilipokuwa darasa la sita, kila asubuhi kabla sijavaa viatu vya shule bibi alikuwa ananyoosha mkono. "Injinia, nipime." Injinia ndiye mimi. Jina nililipata kwa kufufua redio ya jirani. Nilisafisha kutu tu pale betri zinapokaa, basi. Tangu siku hiyo kila kitu chenye waya nyumbani kikawa changu.

Ndiyo maana mama alinituma mimi nikanunue kipimo cha presha cha mtumba. Akanionya: kabla ya kulipa, mwenye duka akuruhusu ukipeleke zahanati hapo jirani, nesi akupime kwa chake, kisha kwa hicho, namba zikaribiane. Nikafika zahanati, foleni mpaka mlangoni, na uwanjani mechi yetu imeshaanza. Nikabonyeza, kikawaka, kikavuma. Nikarudi nikalipa. Nyumbani nikasema nesi amekipitisha.

Bibi akapata 118 kwa 76. Kesho yake, hivyohivyo. Keshokutwa, hivyohivyo. Akaanza kutamba kwa majirani, eti damu ya usichana imerudi. Mimi nikaingiwa na wasiwasi: presha gani hii, haipandi wala haishuki? Ijumaa, wote wakiwa uani, nikaufunga ule mkanda wa mkononi kwenye mguu wa meza. Kikavuma, kikapumua. 118 kwa 76.

Nikacheka peke yangu. Halafu kicheko kikanikauka.

Kusema siwezi: mama atauliza nesi alikipitishaje. Kunyamaza nako, bibi huyo kanyoosha mkono. Jumamosi nikajidai betri zimeisha. Mjomba akaleta mpya saa ileile, na nyingine za akiba. Nikajidai nimechelewa mazoezini. Bibi akanisubiri mlangoni, mkono tayari. Kila nikipita sebuleni naiona ile meza, kama inanitazama.

Jumapili baada ya kula, bibi akatoa vidonge vyake mkobani, akamwambia mama, "Hivi mpe mwenye shida, mwanangu. Mimi nimepona, mashine imesema."

Mama akanigeukia. "Injinia, unasemaje?"

Nikachukua mkanda, nikaufunga kwenye mguu wa meza mbele yao wote, nikabonyeza.

Bibi akavaa miwani, akasoma polepole. "Meza haijambo," akasema. "Na mimi je?"

Mama hakunipiga. Alinipeleka zahanati pamoja na bibi, akaniacha nimweleze nesi mwenyewe, foleni nzima inasikia. Kipimo cha nesi kikasema 172 kwa 104. Nesi akamwambia bibi asiruke kidonge hata siku moja. Kisha akanirudishia ule mtumba wangu.

"Kifaa kilichotumika usikiulize kama kinawaka," akasema. "Kiulize kama kinasema kweli. Lakini mwongo hawezi kumkagua mwongo, kwa hiyo anza na wewe."

Kipimo tulichonacho sasa nacho ni cha mtumba. Mpira wake wa hewa siukunji, nikikihifadhi natoa betri, na kila mwezi nakipeleka kulinganishwa na cha nesi. Foleni naikaa yote. Bibi lakini hajaridhika. Kila asubuhi anataka nianze na mguu wa meza. Kikigoma kutoa namba, ndipo na yeye ananyoosha mkono.