Jina la Kumi na Mbili

Kila Jumamosi saa nane mchana Arielle alishuka ngazi za jengo lao pale Hallunda, mtaa wa pembeni mwa jiji katika nchi ya Waswidi, akapita mbele ya maduka, akaingia kwenye ukumbi wa chini ambao chama cha Wakongo kilikuwa kimeupanga. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mwandiko mzuri, na mwenyewe alijua kuwa ni mzuri. Kwa sababu hiyo Papa Norbert, mwenyekiti wa chama, alimpa kazi ya kushika orodha ya mahudhurio.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Watoto walikuja kufanya kazi za shule na kuimba, Arielle akatia alama mbele ya kila jina, na kila mwisho wa mwezi orodha ikapelekwa manispaa. Papa Norbert alikuwa amemweleza jambo hilo mara nyingi. Kila mfanyakazi hukatwa kodi, na sehemu ya kodi hiyo hurudi mtaani kulipa pango la kumbi kama ule, kwa sharti kwamba watoto wasipungue kumi na wawili.

"Tukipungua, banafunga," alisema kwa Kiswahili cha kwao Kongo. "Na batoto hawana fasi ingine ya kwenda."

Vuli ya mwaka 2010 walipungua. Familia mbili zilihamia Jakobsberg, upande wa pili wa jiji, wakabaki watoto kumi na mmoja. Hata hivyo orodha ilikuwa na majina kumi na mawili, kwa kuwa jina la Emery lilikuwa bado pale.

Emery alizama ziwani mwezi wa Julai, akiwa na miaka kumi. Watu wengine wangelifuta jina lake wiki ile ile. Lakini kwao kitu cha marehemu hakiguswi mpaka matanga yaanuliwe, na matanga hayakuweza kuanuliwa bila bibi yake, ambaye alikuwa Butembo, kule Kongo, akingoja viza. Basi koti lake lilibaki kwenye msumari nyumbani, na jina lake likabaki kwenye orodha. Watu wazima waliliona wakageuza macho.

Jumamosi moja ya Oktoba Arielle alitia alama kumi na moja, kisha kalamu ikasimama. Wadogo zake walikuwa wakigombania kifutio na kucheka. Aliupenda ukumbi ule, na aliogopa sana kuupoteza. Akatia alama ya kumi na mbili haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Wiki ya pili ilikuwa rahisi zaidi, ya tatu rahisi kupita zote, na hapo ndipo alipokosa amani. Kila alipoandika, alihisi mtu anasoma nyuma ya bega lake. Watoto walipoimba, alisikia sauti nyembamba iliyozidi. Kwenye treni aliona kisogo cha mtoto mwenye kofia ya bluu kama ya Emery, akamsogelea, mtoto akageuka, kumbe siye. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Katikati ya Novemba, saa kumi alasiri na giza limeshatanda, kama ilivyo kule miezi ya baridi, mlango ulifunguliwa. Aliingia Mama Godelieve, mama yake Emery, angali amevaa sare ya kazi ya usafi. Mkononi alishika koti la mtoto. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga pale. Wimbo ulikatika.

"Balinipigia simu kutoka manispaa," alisema taratibu. "Banauliza kama mutoto wangu anafurahi hapa. Banasema anakuya kila Jumamosi." Aliangalia viti, kimoja kimoja. "Najua fasi nilimuzika. Lakini nikasema, labda ninyi munamuona. Inje kuna baridi. Nikaleta koti."

Papa Norbert aliitupia macho orodha, akaelewa.

"Mama, ni kosa ya kompyuta tu," alisema. "Bale batu ba manispaa..."

"Hapana, Papa." Arielle alisimama. Kiswahili kilimponyoka, akasema kwa Kiswidi, kama watoto wa huko wanavyofanya wakibanwa: "Det var jag." Kisha akarudia kwa Kiswahili: "Ni mimi. Nilitia alama mara sita. Niliogopa watafunga."

Mama Godelieve aliketi, akalia kwa sauti. Arielle naye alilia kwa aibu.

"Mara sita ulimuita, na hakuitika," mama yule alisema mwishowe. "Mimi niko hapa karibu. Kwa nini haukuniita mimi?"

Jumatatu watatu hao walikwenda manispaa. Arielle alieleza yote mwenyewe. Afisa aliyewapokea hakucheka wala hakugomba. Alisema fedha za Jumamosi zile sita zitarudishwa, na chama kitapewa mpaka majira ya kuchipua kutafuta watoto wa kweli. Aliuliza pia kwa nini hawashirikiani na chama kingine. Ikaonekana kwamba vituo viwili tu vya treni kutoka kwao, kule Fittja, mwalimu mmoja aitwaye Norah alikuwa akiwafundisha watoto saba wa Kiganda ndani ya chumba cha kufulia nguo. Papa Norbert hakuwahi kuuliza.

Juma lile lile Mama Godelieve alipiga simu Butembo. Bibi aliruhusu matanga yaanuliwe bila yeye. Watoto wa mwalimu Norah wakajiunga nao, na Arielle akaandika orodha mpya yenye majina kumi na manane, na wote walikuwa ukumbini.

Jumamosi ya kwanza ya orodha hiyo Mama Godelieve aliketi kando ya Arielle.

"Sikia, mwana wangu. Mimi nafagia ofisi za watu, na kodi inakatwa mbele ya kuona mushahara. Sisikitiki, maana ndiyo inawasha taa hii. Lakini ni ya batoto benye kupumua. Hesabu ikipungua, sema imepungua, na sisi bakubwa tutahangaika. Ukidanganya, unatufunga macho, na hakuna mwenye kutafuta njia ingine."

"Na mimi nilifunga yangu mwenyewe," alisema Papa Norbert, akiinamisha kichwa.

Mama Godelieve alimshika Arielle mkono. "Emery naye, siku ukimukosa, kuya kwangu tumulilie pamoja. Usimutie alama."

"Ndiyo, Mama," alijibu Arielle, akaanza kuita majina.