Nyuma ya Kava ya Nguzo

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, na mwisho wake niliushuhudia kwa macho haya haya, mchana kweupe.

Shemeji alikuwa fundi umeme wa magari, na sifa yake kubwa ilikuwa kuficha waya. Umletee redio, spika au king'ora, atakufungia, na hutauona waya hata ulale chali chini ya kiti. Alizibandua zile kava za plastiki za ndani, akapitisha waya nyuma yake, akazirudisha. Klipu zikalia ta, ta, ta. Kwisha. "Kazi nzuri," alipenda kusema, "ni ile ambayo mwenye gari anaapa kuwa hujagusa kitu." Kisha acheke, kicheko kikubwa kuliko mwili wake.

Jumatatu moja asubuhi akaja muuguzi, akiwa bado na sare za kazini, akiendesha gari dogo jeupe alilokuwa amelinunua mtumba miezi mitatu nyuma. Alitaka kufungiwa kamera.

"Ya mbele au ya nyuma, dada?"

"Ya ndani, fundi. Itazame kiti cha nyuma. Na waya usionekane."

"Una watoto watundu, eh?"

"Sina mtoto." Akatazama pembeni. "Nataka tu kujua ni nani anayekaa pale."

Shemeji akacheka, akamwambia arudi alasiri. Muuguzi aliondoka kwa miguu, haraka, bila kugeuka nyuma.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Akachomoa betri, akabandika kamera kwenye dari, akapitisha waya juu ya kitambaa cha dari hadi nguzo ya kati, pale unapotokea mkanda wa dereva. Hapo ilibidi abandue kava. Akaingiza kibanzi chake cha kubandulia, akavuta, kava ikaachia.

Upande wake wa ndani ulikuwa na vumbi la miaka. Na katikati ya vumbi, alama ya kiganja cha mtu.

Aliniambia kwamba hakushtuka. Alijiambia ni fundi mwenzake aliyepita hapo zamani. Lakini alama ya fundi ingekuwa ya vidole pembeni, pale mtu anaposhika akivuta. Hii ilikuwa ya kiganja kizima, kimebonyezwa kutokea ndani. Na kati ya kava na bati hapaingii hata vidole viwili.

Basi akafanya jambo ambalo alikuja kulijutia. Akaweka kiganja chake juu ya kile. Vikalingana, kidole kwa kidole.

Plastiki ilikuwa ya uvuguvugu.

Akapitisha waya upesi, akairudisha kava mahali pake. Klipu ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Alipoweka mkono kwenye ya mwisho, sauti ikanong'ona mle ndani, karibu kabisa na sikio lake.

"Usifunge."

"Ukafanyaje?" nilimuuliza.

Shemeji aliangalia mikono yake. "Nilifunga, shemeji. Niliogopa. Nikapiga ngumi, klipu ikaingia."

Hayo alinisimulia Jumatano, saa nne asubuhi, tukimhamishia mama kabati lake. Nilimtania kwamba uzee unabisha hodi. Hakucheka. Siku nzima alikuwa akijinyoosha mabega, akilalamika kwamba shati linambana. Shati lilikuwa lilelile la siku zote, pana kama shuka.

Ijumaa muuguzi akaja nyumbani kwa dada. Tulikuwa sote mezani. Hakusalimia.

"Fundi, uliingia lini kwenye gari langu?"

"Sijaligusa tangu Jumatatu, dada yangu."

Muuguzi akatoa kadi ya kamera, akaichomeka kwenye kompyuta ya dada. Tukaona kiti cha nyuma, na mtu amekaa wima, magoti yamebanana, mikono imebana mbavuni. Alikuwa shemeji. Pembeni ya picha paliandikwa Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Saa nne na dakika kumi tulikuwa tumebeba kabati, yeye upande wake, mimi upande wangu.

Picha haikuwa na sauti. Midomo ya yule mtu ilikuwa inatembea, neno moja, tena na tena. Dada ndiye aliyelisoma. Miaka ishirini ameishi na midomo ile.

"Anasema fungua," dada akanong'ona.

Shemeji akasimama, kiti kikaanguka. "Gari liko wapi?"

"Nimeliacha kwa watu wa vyuma chakavu. Sasa hivi. Nimewaambia walikandamize, sitaki hata bati lake..."

Hakumaliza. Shemeji alikuwa mlangoni. Ni mitaa mitatu tu. Tulikimbia. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili, nikampita, kwa sababu alianza kukimbia vibaya, miguu imebanana, kama mtu anayepita kwenye uchochoro unaozidi kuwa mwembamba.

Tulifika getini. Mashine ilikuwa inanguruma. Paa jeupe lilikuwa linashuka.

"Simamisheni!" nikapiga kelele. "Simamisheni!"

Hakuna aliyesikia.

Niligeuka. Shemeji alikuwa amekaa chini kando ya geti. Taratibu. Magoti yakapanda kifuani. Mikono ikajifunga ubavuni. Kichwa kikainama, kikaingia katikati ya magoti. Nilimshika bega nimvute. Halikuvutika. Nilisikia mlio mwilini mwake, mkavu, mdogo. Kisha mwingine. Kisha mwingine.

Mashine ikazimwa. Na yeye akazimika.

Daktari aliandika kwamba ni moyo. Hakueleza kwa nini watu wanne tulishindwa kumnyoosha. Seremala alitengeneza jeneza fupi, la mraba, na watu pale makaburini hawakujua wapi ni kichwani na wapi ni miguuni. Dada hakulia. Aliniambia tu, "Mdogo wangu, tumezika nini?" Muuguzi alihama, na hatukumlaumu. Mwenye gari wa kwanza nilimtafuta miezi minane, sikumpata.

Kadi ya kamera ilibaki kwetu. Nimeiweka kwenye bahasha, nikaigundisha kwa gundi, na sanduku la chuma lenye bahasha hiyo ufunguo wake ninao mimi. Siku tuliyoizika maiti, kadi ilikuwa na video kumi na nne. Nilizihesabu mwenyewe.

Wiki iliyopita niliifungua bahasha. Gundi ilikuwa nzima.

Video zilikuwa mia tatu na tisa. Zile mpya zote ni giza tupu, na kila moja ina tarehe yake, siku kwa siku, hadi asubuhi ile niliyofungua. Na hizi zina sauti. Ni mtu anahema, mahali pembamba sana, na kucha zinakwaruza plastiki.